Mhuri wa Papa, Ukuta wa Mtawa: Hati za Fadhila katika Nyumba za Kitawa za Enzi za Kati

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anapokutwa akizama katika habari za watawa wa Ulaya wa karne ya kumi na mbili, wenzake wana haki ya kumwuliza amepotelea wapi. Jibu la mwandishi wa makala haya ni jepesi. Sisi tuliozoea kubishana iwapo ubeti fulani ni wa mtunzi mwenyewe au umechomekwa na mnakili, tunajua jinsi matini inavyoweza kugeuka uwanja wa vita. Ni matini chache zilizowahi kusomwa kwa jicho kali kuliko barua ambazo Mapapa wa Roma waliziandikia nyumba za watawa. Kishazi kimoja kikikosekana, askofu alifungiwa mlango. Kishazi hicho hicho kikiwamo, askofu aliingia na msafara wake, akala, akahoji, akaadhibu.

Makala haya yanadhamiria kueleza hati hizo zilikuwa nini na zilifanyaje kazi, kisha yatasimama kwa kirefu katika kesi moja, ile ya abasia ya Evesham nchini Uingereza. Dai letu ni kwamba hati ya Papa ilikuwa kama ukuta, na ukuta haubagui. Unaomzuia mvamizi aliye nje ndio huo huo unaomfungia mnyonge aliye ndani.

Tatizo la istilahi

Kabla ya kuendelea, hatuna budi kukubaliana kuhusu neno. Kilatini kiliziita hati hizi privilegium, na wanasheria wa enzi hizo walipenda kulichambua neno hilo kama sheria ya mtu binafsi, yaani sheria inayomhusu mmoja tu badala ya wote. Kiswahili hutupa 'upendeleo', lakini neno hilo limechafuka: anayelisikia hukumbuka ajira za kujuana. Tukisema 'haki maalumu' tumepata maana ya kisheria, ila tumepoteza ladha ya mtawala anayetoa kwa hisani yake. Katika makala haya nimechagua 'hati ya fadhila' kwa karatasi yenyewe, na 'haki maalumu' kwa kile kilichoandikwa ndani yake. Anayeona vingine atufae kwa lililo bora.

Askofu wa karibu, Papa wa mbali

Mtaguso wa Kalkedoni wa mwaka 451 uliamua kwamba watawa wote wa jimbo wawe chini ya askofu wa jimbo hilo. Uamuzi huu ulikuwa na mantiki yake. Watawa walikuwa wakizurura mijini na kuchochea ghasia, na ilibidi apatikane wa kuwajibika kwa ajili yao. Hata hivyo, baada ya muda nyumba za watawa zilijaliwa mashamba, vinu vya kusagia nafaka, misitu na mabwawa ya samaki, na hapo mamlaka ya askofu yakaanza kuwa na uzito mwingine. Askofu ndiye aliyebariki mafuta matakatifu, ndiye aliyewapa watawa daraja la upadri, ndiye aliyeweka wakfu altare. Kwa kila huduma angeweza kudai kitu. Tena alikuwa na haki ya kuzuru nyumba ili kuikagua, na mgeni huyo hakuja peke yake wala hakuja na chakula chake. Kando ya askofu walikuwapo makabaila wa eneo, ambao mara nyingi ndio waliotoa ardhi ya nyumba na hivyo kuona kiti cha abate, yaani mkuu wa abasia, kama urithi wa ukoo.

Ndipo watawa walipotafuta bwana mwingine. Mwaka 628 Papa Honorius wa Kwanza aliipa monasteri ya Bobbio, kaskazini mwa Italia, hati iliyoiondoa mikononi mwa askofu yeyote na kuiweka chini ya Roma. Mwaka 751 Papa Zakaria aliifanyia Fulda, nyumba aliyoianzisha Bonifasi huko Ujerumani, jambo kama hilo. Mifano hii ilikuwa nadra kwa zama zake.

Cluny ndiyo iliyobadilisha mambo. Mnamo mwaka 910 William, mtawala wa Aquitaine, alitoa ardhi yake ya Cluny katika eneo la Burgundy kwa ajili ya watawa chini ya abate Berno. Msomaji wa pwani atalielewa tendo lake haraka akilifikiria kama wakfu: mali inatolewa kwa Mungu na mtoaji anajivua umiliki yeye na jamaa zake. William aliikabidhi nyumba hiyo kwa mitume Petro na Paulo, na watawa wakatakiwa kupeleka Roma shilingi kumi za wakati huo kila baada ya miaka mitano kwa ajili ya taa za kanisa la mitume. Jambo la kuvutia ni kwamba hati yake ilimkataza hata Papa mwenyewe kuigusa mali hiyo. Papa alitakiwa awe mlinzi, asiwe mmiliki.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Watawa wa Cluny waliigeuza methali hii kichwa chini. Walimtaka Papa kwa sababu alikuwa mbali. Mwanzoni mwa karne ya kumi Roma ilikuwa dhaifu, Mapapa wakiwekwa na kuondolewa na koo za jiji hilo. Bwana wa namna hiyo hangeweza kuja kula ghala za Cluny, ilhali jina la Petro lilitosha kumtia jirani hofu ya laana.

Hati zilifuatana. Mwaka 998 Papa Gregori wa Tano alikataza askofu yeyote kuja Cluny kutoa daraja au kuweka wakfu chochote bila kualikwa na abate. Mwaka 1024 Papa Yohane wa Kumi na Tisa alikwenda mbali zaidi: hakuna askofu aliyeruhusiwa kuwatenga watawa wa Cluny na ushirika wa Kanisa, popote walipo. Tazama neno hilo 'popote'. Ulinzi uliokuwa wa mahali sasa uliwafuata watu njiani.

Maaskofu hawakunyamaza. Mwaka 1025 walikutana Anse, karibu na Lyon. Askofu Gauzlin wa Mâcon alilalamika kwamba watawa wa jimbo lake walikuwa wamepewa daraja na askofu mwingine. Abate Odilo alikuwapo, akatoa hati ya Papa. Maaskofu waliisoma, kisha wakatoa kanuni za Kalkedoni, wakatamka kwamba hati inayopingana na kanuni za mitaguso haina nguvu. Mzozo uliendelea hadi mwaka 1063, wakati askofu Drogo wa Mâcon alipofika Cluny na watu wenye silaha. Watawa walimwita Petro Damiani, mjumbe wa Papa, aliyekuja hadi Ufaransa, akakusanya sinodi mjini Chalon, na askofu akaishia kutubu kwa kufunga. Kati ya Anse na Chalon ni miaka 38 tu. Maneno ya hati yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni nguvu ya aliyeyatamka.

Ulinzi si uhuru

Kufikia karne ya kumi na mbili nyumba nyingi zilikuwa na hati kutoka Roma, na hapo ndipo msomaji wa leo hukosea kwa kudhani kwamba zote zilipata kitu kimoja. Hati ya kawaida ilikuwa ya ulinzi tu. Papa alitamka kwamba anaichukua nyumba fulani chini ya ulinzi wa Mtakatifu Petro, akaorodhesha mashamba na makanisa yake moja baada ya jingine, akathibitisha haki ya watawa kumchagua abate wao, akamlaani atakayewasumbua. Kisha, kuelekea mwisho, kulikuwa na kishazi kifupi: mambo haya yote yalitolewa bila kuathiri mamlaka ya Kiti cha Kitume na haki za kikanuni za askofu wa jimbo. Nyumba iliyotoka kabisa mikononi mwa askofu ilipata hati ambayo kishazi hicho kiliishia nusu yake ya kwanza. Askofu hakutajwa. Uhuru mzima wa nyumba uliweza kukaa katika maneno ambayo hayakuandikwa.

Kulikuwa na mtego mwingine. Nyumba nyingi zilipeleka Roma ada ndogo ya kila mwaka, na watawa wakawa wanadai kwamba anayelipa ada kwa Papa hana bwana mwingine. Papa Aleksanda wa Tatu, aliyetawala kuanzia 1159 hadi 1181, alilazimika kufafanua. Alisema ada peke yake haithibitishi kitu. Someni hati: ikisema ada ni ishara ya ulinzi uliopokewa, nyumba ingali chini ya askofu. Ikisema ni ishara ya uhuru uliopokewa, hapo sawa. Neno moja, 'ulinzi' au 'uhuru', likawa ndilo mpaka.

Si watawa wote waliotamani uhuru huo. Bernardo wa Clairvaux alimwandikia Papa Eugenio wa Tatu, aliyekuwa mwanafunzi wake, akilaumu tabia ya abate kukimbia utii kwa askofu huku akihubiri utii kwa watawa wake. Maoni yangu ni kwamba Bernardo alikuwa na haki kwa upande mmoja tu. Watawa wenzake wa Cîteaux nao walikuwa na fadhila zao: mwaka 1132 Papa Inosenti wa Pili aliwaondolea wajibu wa kulipa zaka kwa mazao ya mashamba waliyolima wenyewe, na Cluny, iliyokuwa ikipokea zaka hizo, ililalamika kwa sauti kubwa. Fadhila ya mmoja ilitoka katika kikapu cha mwingine. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 ulilazimika kuipunguza.

Sura ya hati na kazi ya mghushi

Hati yenye hadhi ya juu ilikuwa kitu cha kutazamwa kabla ya kusomwa. Kuanzia wakati wa Papa Leo wa Tisa, mwaka 1049, chini yake palichorwa duara lenye msalaba, na upande wa pili herufi zilizofumwa pamoja kuwa salamu ya kuaga. Karne iliyofuata makadinali waliongeza sahihi zao. Mwisho ulitundikwa mhuri wa madini ya risasi: upande mmoja sura za Petro na Paulo, upande mwingine jina la Papa. Hati ya fadhila ilitundikiwa mhuri kwa nyuzi za hariri. Barua ya amri ilitosha uzi wa katani.

Mshairi wetu atafurahi kujua kwamba hata nathari ya hati hizi ilikuwa na mahadhi. Tangu mwishoni mwa karne ya kumi na moja waandishi wa Papa walifuata kanuni za jinsi sentensi inavyopaswa kutua, silabi zenye mkazo zikipangwa kwa utaratibu maalumu. Mtu asiyeijua mizani hiyo angeweza kukamatwa kwa sentensi moja iliyotua vibaya.

Naam, waliokamatwa walikuwapo. Papa Inosenti wa Tatu aligundua genge la waghushi Roma kwenyewe, na mwaka 1198 alieleza mbinu zao: wapo waliotoa mhuri halali katika barua moja na kuutundika katika nyingine, wapo waliofuta maneno machache na kuandika mengine. Alitaka wasomaji wachunguze mtindo, ngozi, uzi na mhuri. Kwa lugha ya madarasa yetu, huyo alikuwa akifundisha elimumitindo, ila waliofeli mtihani wake hawakurudia mwaka. Watawa nao hawakuwa na mikono safi. Mtawa mmoja wa Saint-Médard ya Soissons, jina lake Guerno, alipokuwa akikata roho aliungama kwamba alizitungia nyumba kadhaa hati za Papa, miongoni mwao Mtakatifu Augustino ya Canterbury. Tusiwahukumu haraka mno. Hati za kale zaidi ziliandikwa juu ya mafunjo, ambayo huoza, na aghalabu mghushi aliamini kwamba anarejesha maandishi ya haki iliyokuwapo.

Kesi ya Evesham

Abasia ya Evesham ilikuwa katika jimbo la Worcester. Ilidai kwamba mwanzilishi wake, askofu Ecgwine, aliiletea kutoka Roma hati mbili za Papa Konstantino, moja ya mwaka 709 na nyingine ya 713, zilizoiondoa chini ya maaskofu. Mwaka 1202 askofu Mauger wa Worcester alitangaza kwamba atakuja kuikagua.

Hapa ndipo kisa kinapouma. Abate wa Evesham tangu 1190 alikuwa Roger Norreys, mtu aliyeletwa kutoka Canterbury bila watawa kumchagua. Alitumia mapato ya nyumba kwa anasa zake. Watawa walikosa chakula cha kutosha na mavazi ya heshima, wengine wakashindwa kuhudhuria ibada kwa kukosa cha kuvaa. Sasa alikuwa anakuja mtu mwenye uwezo wa kumwadhibu. Walichotakiwa kufanya ni kufungua mlango na kusema.

Hawakuufungua. Aliyewashawishi zaidi ni Thomas wa Marlborough, mtawa aliyesoma Paris na kufundisha sheria kabla ya kuingia utawani, ambaye baadaye ndiye aliyeyaandika haya yote. Hoja yake ilikuwa kwamba askofu akikubaliwa mara moja kumhukumu abate, amekubaliwa milele. Norreys atakufa siku moja, lakini haki iliyotolewa haitarudi. Watawa walikataa kumtii Mauger, naye akawatenga na ushirika wa Kanisa. Walijikuta wamesimama upande mmoja na mtu aliyekuwa akiwatesa njaa.

Thomas alifika Roma mwaka 1204. Kesi iliahirishwa, naye akatumia takriban miezi sita Bologna akijinoa katika sheria. Mwaka 1205 walisimama mbele ya Inosenti wa Tatu, yeye na Robert wa Clipstone, wakili wa askofu. Wakati fulani Robert alidai kwamba walimu wake walimfundisha kuwa haki za askofu hazifi hata zikikaa miaka mingi bila kutumika. Papa alimjibu kwamba yeye na walimu wake bila shaka walikuwa wamekunywa pombe nyingi ya Kiingereza siku walipojifunza hayo.

Robert alikuwa na hoja nyingine iliyo nzito zaidi: hati za Konstantino ni za kughushi, kwa maana ngozi yake, mtindo wake, uzi wake na mhuri wake havijulikani Uingereza. Papa aliomba hati zenyewe. Kwa mikono yake aliushika mhuri na ngozi akavivuta, aone kama mhuri utachomoka katika uzi. Haukuchomoka. Akawapa makadinali wazitazame, zikazunguka zikamrudia. Akamwambia Robert kwamba hati za namna hiyo hazijulikani kwao, lakini Roma zinajulikana vizuri, na haziwezi kughushiwa.

Tarehe 24 Desemba 1205 hukumu ilitolewa: abasia ya Evesham haina bwana isipokuwa Papa. Thomas, aliyekuwa amefunga, alianguka miguuni pa Papa akazirai kwa furaha na njaa.

Wataalamu wa leo wamezichunguza hati hizo, na wanakubaliana kwamba ni za kughushi, zilizotungwa karne nyingi baada ya Papa Konstantino kufariki mwaka 715. Mtu aliyeandika kanuni za kuwafichua waghushi aliushika mhuri wao mkononi akauthibitisha. Sioni sababu ya kumcheka. Alitumia vigezo alivyokuwa navyo, na mhuri uliofungwa vizuri haumwambii mtu umri wa maneno.

Ushindi huo ulikuwa na bei yake. Kesi ilikuwa imeendeshwa kwa mikopo ya wafanyabiashara wa Roma, na deni lilipozidi hati zile zile zilizoshinda kesi zilibaki mikononi mwao kama rehani. Shauri jingine, la makanisa ya Bonde la Evesham, halikumalizika siku hiyo, likaendelea kwa miaka mingi. Zaidi ya yote, Norreys alirudi kitini akiwa salama kuliko awali. Askofu hangeweza tena kumgusa. Aliyeweza ni Papa peke yake, na Papa alikuwa mbali. Fimbo ya mbali, safari hii, ilifanya kama methali inavyosema.

Watawa walisubiri hadi mwaka 1213, wakati Nicholas wa Tusculum, mjumbe wa Papa, alipofika Evesham. Thomas alisimama mbele ya abate wake akasoma mashtaka: njaa, mavazi, mali iliyotapanywa, uzinzi. Norreys aliondolewa. Ilikuwa imepita miaka kumi na mmoja tangu siku ile ambayo watawa wangeweza kumfungulia Mauger mlango, na baadhi yao walikuwa wamekufa bila kuiona siku hiyo.

Je, walichagua vyema? Thomas hakuwa na shaka. Yeye mwenyewe alikuja kuwa abate na kuifia kazi hiyo mwaka 1236, akiwa amelipa madeni na kurekebisha majengo, na katika kitabu chake alizinakili hati za Konstantino ili wajao wazijue. Mimi ningetaka kumsikia mtawa ambaye hakujua sheria wala Kilatini cha mahakamani, aliyelala na njaa mwaka 1208 akiwa mtu huru.

Mwaka 1534 Bunge la Uingereza lilimtambua Mfalme Henry wa Nane kuwa mkuu wa Kanisa nchini humo, na hati zote za Roma zikakosa wa kuzitetea. Abasia ya Evesham ilikabidhiwa kwa mfalme mwanzoni mwa 1540. Mawe yake yalibomolewa na kuuzwa. Mnara wa kengele ungali umesimama.